‘Hakufika’: Fundi cherehani aliyekwama chini ya ngazi

Saa mbili kasorobo asubuhi, Mama Vifungo ameshamaliza sketi mbili za shule na anaingia ya tatu. Mkono wa kulia unazungusha gurudumu la cherehani, wa kushoto unaongoza kitambaa. Kila baada ya mshono mrefu anaacha kidogo, ananyoosha vidole, kisha anaendelea.

“Cherehani ya mkono inakula bega,” anasema bila kuinua macho. “Ile ya miguu ilikuwa kama inajiendesha. Lakini miguu yenyewe ndiyo hii, imestaafu kabla yangu.”

Anashonea kwenye kibaraza cha chumba anachopanga pamoja na mdogo wake, ambaye ni mfanya usafi katika shule ya msingi. Ndani kuna vitanda viwili na pazia katikati. Mlango ni mwembamba, kwa hiyo kiti chake cha magurudumu hulala nje, kimefungwa mnyororo kwenye nguzo.

Ana miaka hamsini na mitatu. Jina la utani alipewa na wateja, kwa kuwa kifungo kikidondoka yeye hukirudishia bure. “Vifungo vya nguo, jamani, si vya jela,” huwaambia wageni.

Miaka kumi na moja iliyopita alikuwa mshonaji katika kiwanda cha sare. Asubuhi moja alitumwa stoo kuchukua kitambaa, rundo la marobota likamporomokea. Uti wa mgongo uliumia. Alilala hospitali miezi minne, akatoka akiwa hasikii kitu kuanzia kiunoni kwenda chini. Kiwanda kilimpa mshahara wa miezi mitatu na kumtakia heri.

Baadaye alianza kupata ruzuku ya watu wenye ulemavu. Ilitosha kodi ya chumba na dawa. Chakula kilitoka kwenye cherehani: wiki nzuri nguo kumi na mbili, wiki mbaya tatu.

“Haikunitajirisha,” anasema. “Ila mdogo wangu alikuwa anapumua.”

Mwaka jana iliitishwa tathmini mpya. Kila anayepokea ruzuku alitakiwa kufika mwenyewe, ahakikiwe. Mama Vifungo alipangiwa Jumatano. Mdogo wake aliomba ruhusa kazini, akamsukuma hadi kwenye jengo la ofisi. Saa mbili na dakika kumi walikuwa mlangoni.

Tathmini ilikuwa ghorofa ya tatu. Lifti ilikuwa imeharibika.

“Mlinzi alitusikitikia sana,” anakumbuka mdogo wake, mwanamke mwembamba asiyekaa chini hata akiongea. “Akapanda kwenda kuwaambia dada yuko chini. Akarudi kichwa kimeinama. Ati wamesema apande, foleni iko juu. Nikamuuliza, kaka, apande na nini?”

Walisubiri hadi saa tisa. Hakuna aliyeshuka. Wiki tatu baadaye ikaja barua ya mistari miwili: ruzuku imesitishwa kwa sababu mhusika hakufika kwenye tathmini.

Mdogo mtu alikwenda kulalamika. Akajibiwa kuwa mlalamikaji lazima aje mwenyewe, na malalamiko yanapokelewa chumba namba kumi na mbili, ghorofa ya tatu.

“Nilicheka,” anasema Mama Vifungo. “Nilicheka mpaka nikalia, mdogo wangu akadhani nimerukwa na akili.”

Miezi saba ilifuata. Mwezi wa pili aliacha dawa ya maumivu. Mwezi wa nne mdogo wake alianza kufua nguo za watu baada ya kazi. Mwezi wa tano hawakuwa wanazungumza sana, si kwa ugomvi, bali kwa kuchoka.

Jirani ndiye aliyesema: mnaye mbunge, nendeni kwake.

Mbunge huonana na wananchi siku za Ijumaa. Ijumaa ya kwanza alikuwa safarini. Ya pili, katibu wake aliandika shida hiyo kwenye daftari na kusema watapigiwa simu. Hawakupigiwa. Ya tatu walipewa namba arobaini na moja, na kazi ikafungwa kwenye namba thelathini na nane.

“Njia nzima nilikuwa nasukuma tu,” anasema mdogo wake. “Moyoni nikasema, hapa sirudi tena. Asubuhi yake dada ananiuliza, ‘Ijumaa tutoke saa ngapi?’”

Kabla ya safari ya nne, Mama Vifungo alikumbuka jambo. Siku ya tathmini, mlinzi alimwandikisha kwenye daftari la wageni, naye akatia saini. Mdogo wake alikwenda kulitafuta. Mlinzi yule, ambaye sasa ameajiriwa kwingine, alisita, kisha akafungua ukurasa wa siku ile na kumwacha aupige picha kwa simu. “Daftari haliogopi mtu, dada,” alimwambia. “Mimi ndiye naogopa.”

Ijumaa ya nne waliingia. Mbunge alisikiliza, akavuta karatasi na kuahidi kuandika barua.

“Nikamwambia, Mheshimiwa, samahani, barua ninazo. Naomba umpigie mkubwa wa ofisi ile nikiwa hapa hapa, nisikie.”

Mbunge alipiga simu, akaiweka kwenye spika. Mkuu wa ofisi akasoma kwenye kompyuta kwamba mhusika hakufika. Mbunge akamweleza kuwa ana picha ya daftari la mlangoni: mama huyu aliingia saa mbili na dakika kumi, akatoka saa tisa. Alikuwa chini ya ngazi.

Sauti ikajibu, “Mheshimiwa, chini si ofisini.”

Mbunge aliinamia simu na kusema, “Basi Jumanne nitakuja niwaonyeshe ofisi yenu inaanzia wapi.”

Alipoulizwa na mwandishi wa makala haya, mbunge hakujisifu. “Nimepanda ngazi zile mara nyingi, sijawahi kujiuliza nani kabaki chini. Yule mama aliniaibisha, tena kwa heshima.”

Jumanne hiyo, mbunge akiwepo, ofisa alishuka na fomu zake. Tathmini ilifanyika ukumbini, watu wakipita. Mama Vifungo aliulizwa anatarajia kupona lini. Aliambiwa ajaribu kuinua mguu, mbele ya kila mtu.

“Nilimtazama,” anasema, na gurudumu la cherehani linatulia. “Nikamwambia, baba, mguu huu ungeweza kuinuka, ningekuwa nimeshapanda.”

Ruzuku ilirudi mwezi uliofuata. Ile ya miezi saba haikurudi. Ameambiwa mfumo haulipi ya nyuma. Tathmini nyingine ni baada ya miaka miwili. Lifti bado haifanyi kazi.

Angeweza kuishia hapo. Lakini kwenye picha ile ya daftari, mdogo wake aliona saini nyingine za watu walioandika ‘tathmini’ na kutoka dakika chache baadaye. Wamewapata tisa ambao hawakuweza kupanda. Mmoja ni fundi viatu mwenye magongo, mwingine bibi anayebebwa mgongoni na mjukuu wake. Wote waliandikiwa barua ya mistari miwili.

Wametia sahihi ombi moja: siku za tathmini, ofisa mmoja akae chini. Mbunge ameahidi kulisimamia. Wiki sita zimepita bila jibu, na Ijumaa hii Mama Vifungo anarudi kwa mbunge pamoja na fundi viatu.

“Hatudai jengo jipya. Meza moja na viti viwili, pale mlangoni,” anasema, akikata uzi kwa meno.

Hajachoka?

“Nimechoka, sikufichi. Lakini siku ya kuchoka nimeipanga Jumamosi. Ijumaa nina kazi.”