Kitabu Nilichokishika Kikiwa Kimefungwa

Kuna Jumamosi moja ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyovuka mpaka kurudi kwetu, mwanangu, na kwa kuwa umeniomba neno la kuwapelekea wenzako wa kile kikundi chenu cha vitabu, nitakupa hiyo. Kaa vizuri. Mimi sijui kufupisha, na tangu nibaki peke yangu hapa Butihinda, mtu akinitembelea simwachii mapema.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimerudi kutoka Tanzania, kambi ya wakimbizi nilikokulia, na nilirudi peke yangu kwa sababu wazazi wangu wote wawili tuliwazika huko huko. Mama alikuwa amenieleza nyumba yetu ya hapa kipande kwa kipande, mlango ulitazama wapi, mparachichi ulikuwa upande gani. Nilipofika nilikuta shamba la maharage la watu nisiowajua. Hawakuwa wabaya, walinikaribisha wakanipa chakula. Lakini hakukuwa na hata mmoja aliyelijua jina la baba yangu, na baada ya miezi minne ya kusalimiwa kama mgeni kwetu, nilifunga nguo zangu nikaenda mjini Gitega kutafuta kazi.

Niliipata mtaa wa Nyamugari, kwa Mama Zaina, mjane wa Kiislamu aliyekuwa na mashine nne za kushona barazani kwake. Siku za kazi tulishona sare za shule. Jumamosi, baada ya swala ya alasiri, mashine zilifunikwa, mkeka ukatandikwa, chai ikachemshwa, na watu wa vitabu wakaanza kuingia. Marehemu mume wa Mama Zaina alikuwa ameacha kabati limejaa, na humo ndani kulikuwa na kila kitu: hadithi, dini, ramani, magonjwa ya watoto, kilimo, injini. Kila mtu aliazima anachotaka, na malipo yake yalikuwa kurudi Jumamosi kusema amekionaje.

Walikuwa na desturi yao. Anayesema hukishika kitabu, hukifungua pale maoni yake yalipotoka, husoma mistari miwili mitatu, ndipo anasema. Kama hukukimaliza unasema "sijafika," unampa jirani yako, na hakuna anayekucheka. Papa Bahati, Mkongomani wa Uvira aliyeuza vitenge sokoni, alisema sijafika wiki tano mfululizo juu ya kitabu kimoja cha hadithi, akanywa chai yake bila wasiwasi. Alipofika kwenye vitabu vya injini ndipo usingemnyamazisha, na hakuwahi kumiliki hata pikipiki.

Mimi neno hilo la sijafika sikuwahi kulitamka. Unajua, Kiswahili changu cha Tanzania kiliwafurahisha. Nikianza kusema walinyamaza wote, na nikimaliza mmoja alikuwa anasema, "Dada, rudilia kidogo ile ya mwanzo." Tangu mama afe hakuna aliyekuwa ameniomba nirudie kitu. Nilikipenda kile kimya chao kuliko chakula, nikaanza kuazima vitabu viwili, vitatu kwa wiki, vya mambo nisiyoyajua kabisa. Nilisoma ukurasa wa kwanza, ukurasa wa mwisho na vichwa vya sura. Kilichobaki nilikipamba mwenyewe. Na kwa kuwa maneno yalikuwa matamu hakuna aliyenidai nionyeshe ukurasa. Nilikikumbatia kitabu kifuani, kimefungwa, nikasema.

Karibu na mlango alikaa Mzee Simeoni. Huyo alitoka Gishubi kila Jumamosi kuuza asali sokoni, kisha alipita kwetu kusikiliza, maana kusoma hakujua. Naye alikuwa amerudi kutoka ukimbizini, mke amefariki, watoto wametawanyika. Huko Gishubi alikuwa na mizinga mitatu ya nyuki, na ndiyo aliyozungumza nayo. Aliniletea kipande cha sega kwenye jani la mgomba, aliniita mwanangu, nami nikajikuta namwita Baba. Lilikuwa neno ambalo mdomo wangu ulikuwa umeliacha miaka mingi.

Ndiyo maana nikaazima kitabu cha ufugaji wa nyuki. Nilitaka kumfurahisha yeye. Lakini shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, sare zilikuwa zimerundikana, na nilisoma kurasa nane tu. Jumamosi ilipofika nilisimama nikaeleza nyuki wanavyogawana kazi, wanavyomtunza mama yao, wanavyoishi kwa utaratibu kutushinda sisi. Baraza zima lilitulia. Mzee Simeoni alinisikiliza akiwa ameinama, kisha akauliza.

"Mwanangu, mizinga yangu iko mbali, ng'ambo ya bonde, kwenye mikaratusi. Magoti iko inauma. Kitabu kinasema naweza kuileta kwangu, nyuma ya nyumba?"

Nilikuwa na neno la kumjibu, fupi, "sijafika," na ruhusa ya kulisema nilikuwa nayo. Nikamjibu, "Inawezekana, Baba. Kitabu kinasema ihamishe tu jioni, wakati wamelala ndani."

Akaniamini. Wiki tatu hatukumwona. Alipokuja hakuwa na asali, wala jani la mgomba. Alikaa pale pale mlangoni, na Papa Bahati, ambaye hakuweza kuona mtu amenyamaza asimchokoze, akamuuliza habari za nyuki.

"Wameisha," alisema. "Nilileta mizinga nyumbani jioni. Asubuhi walitoka, kisha wote wakarudi kulekule kwenye miti ya zamani. Mzinga hakuna. Wakajikusanya kwenye tawi tupu, mvua ikanyesha, siku ya tatu nikakuta wengi wako chini. Wengine sijui wameenda wapi."

Papa Bahati akageuka kunitazama mimi. "Donc, kumbe kitabu kimesema uongo?"

"Hapana," alisema Mzee Simeoni kabla sijafungua mdomo. "Kitabu iko kizuri, na mtoto alieleza vizuri. Ni mi ndiye nilisikia vibaya. Masikio ya uzee."

Nami nikanyamaza, mwanangu. Hapo ndipo kosa langu lilipo, kuliko hata pale pa kwanza. Nilimwacha mzee aliyepoteza nyuki wake wote abebe na kosa langu mbele za watu, nikainamia kikombe changu cha chai. Watu walimpa pole. Akashukuru, akachukua kofia yake, akaondoka mapema.

Walipokwisha kwenda, Mama Zaina alikichukua kile kitabu, akalowesha kidole, akafunua hadi alipopataka. Alikiweka wazi juu ya mashine yangu. Ukurasa wa arobaini na kitu: ukiuhamisha mzinga umbali mdogo, nyuki watarudi mahali pao pa zamani na kupotea, kwa hiyo ama uwapeleke mbali sana kwanza, ama uusogeze hatua moja kwa siku.

"Mi nilijua wiki nyingi husomi," alisema. "Nikasema acha, anatafuta watu. Kumbe ni mi nilikuwa nakulea vibaya." Akaingia ndani, na jioni hiyo hakuniita kula naye sahani moja kama kawaida yetu.

Ningekuambia nilikwenda Gishubi kesho yake, lakini umeniomba neno la kweli. Nilikaa Jumapili tano bila kwenda. Kila Jumamosi niliangalia mlango, na pale mlangoni palikuwa patupu, na nikipewa kitabu nilisema naumwa kichwa. Hata kule Butihinda kwenye maharage ya wageni sikuwahi kujisikia mpweke namna ile, maana huku upweke niliutengeneza kwa mkono wangu.

Jumapili ya sita nilipanda gari. Nilimkuta nje, akitwanga mihogo peke yake, na mizinga mitatu imepangwa nyuma ya nyumba kama viti vya wageni ambao hawakuja. Nilipiga magoti nikamwambia yote. Hakushangaa.

"Nilijua siku ileile," alisema. "Wengine wakisema wanafungua. We ulikuwa umekifunga."

"Sasa mbona ulihamisha, Baba?"

Aliuegemeza mchi wake kwenye kinu. "Ni muda mrefu sana hakuna mtu alikuwa ameniambia fanya hivi, usifanye hivi," alisema. "Nikapenda kutii."

Nililia, sikufichi. Aliniacha nilie, kisha akaniuliza kama kitabu nimekuja nacho. Nilikuwa nacho. Akaketi kwenye gogo akasema nianze ukurasa wa kwanza, nisiruke. Tulisoma hadi nilipolazimika kuwahi gari, na Jumapili iliyofuata nikarudi, na iliyofuata. Kumbe alikuwa msomaji hodari yule mzee asiyejua kusoma. Alinisimamisha kila mstari. "Huyu mwandishi hajawahi kuumwa na nyuki," alisema mara moja, na mara nyingine, "Hapa amesema kweli, rudilia." Jumamosi nilikuwa nafungua kitabu mbele ya watu na kuwasomea mistari, kisha nawaambia, Mzee Simeoni anaona hivi, mimi naona hivi, na kutoka hapa kwenda mbele sijafika. Papa Bahati alinipigia makofi siku ya kwanza niliposema hivyo.

Nyuki hawakurudi Mzee Simeoni akiwa hai. Aliifagia ile mizinga kila wiki, akaipaka nta ndani, akasubiri, na tulikuwa hatujamaliza sura ya mwisho alipofariki. Mzinga mmoja nilipewa na wanawe. Niliporudi huku Butihinda kujaribu tena kuwa mtu wa kwetu, nilikuja nao, na uko hapo nyuma. Nyuki waliingia, wakahama, wakaingia wengine. Sura ya mwisho sijaisoma hadi leo. Sina wa kunisimamisha.

Basi waambie wenzako hivi. Semeni mnavyoona juu ya vitabu vya kila namna, vya nyuki, vya dini, vya injini, msiogope mwenye elimu wala msimdharau asiye nayo, ila kila mmoja afungue pale alipoona. Ukiulizwa usilolisoma, sema hujafika, hata kama baraza zima linakutazama na wewe unatamani sana wakupende. Ukumbuke kuna mtu amekaa karibu na mlango ambaye hana njia nyingine ya kujua, naye ataondoka na neno lako kwenda kulifanyia kazi. Na ukikosea, mwanangu, usimwache mwenzako akubebee. Sema hapo hapo, chai ikiwa bado ya moto. Mimi nilichelewa Jumapili tano, na hizo hakuna aliyenirudishia.

Nenda salama, gari lisije kukuacha. Mungu akulinde njiani, akupe macho ya kusoma mpaka uzeeni na mdomo usioona aibu kusema ukweli wake. Na popote utakapokaa na kitabu, asikunyime mtu mmoja wa kukuuliza umefika wapi.