Pini Kwenye Upindo wa Wavu

Shemeji yangu ni fundi cherehani, na anapofanya kazi hubana pini mdomoni. Ukimsalimia asubuhi atakujibu kwa pua mpaka amalize kubandika upindo. Dada yangu, ambaye ndiye mkewe, husema hata siku alipomposa alikuwa amezibana kwa meno, kwa hiyo hakupata nafasi ya kumdanganya.

Cherehani yake iko sebuleni, chini ya dirisha. Mimi nakaa upande wa pili, natia vifungo na kupiga pasi. Katikati yetu, juu ya kabati la viatu, kuna tangi la kioo la Mama, na ndani yake anaishi samaki mmoja tunayemwita Mpangaji, maana anakula, analala, na kodi halipi.

Marehemu baba ndiye aliyemleta, samaki akiwa mwekundu wa kupendeza. Baadaye mtoto wa jicho akamfunika Mama macho yote mawili, na samaki akabaki kwake kitu cha kugusa. Kila asubuhi hutumbukiza kidole majini, Mpangaji akaja kukinyonya, na Mama akauliza, "Bado mwekundu?" Nasi humjibu, "Bado, Mama." Ukweli ni kwamba Mpangaji alichujuka zamani kama shati la shule, akawa mweupe pee. Dada ndiye aliyeuanza uongo ule kwa huruma, mimi nikaufuata kwa uvivu. Shemeji peke yake hakuwahi kulitamka neno hilo. Akiulizwa husema, "Amekula vizuri, Mama." Tulidhani ni haya ya mtu na mkwewe.

Kisha Mama akaitwa hospitali kupasuliwa macho. Mama mdogo ndiye aliyekuja kumchukua ili akamuuguze. Mlangoni Mama alisimama, akageuza uso upande cherehani inakolia.

"Bandeji zikitolewa nitamwona daktari, hilo sina budi. Lakini nikirudi hapa, kabla sijatazama sura zenu, nataka nimwone Mpangaji. Fundi, nimekukabidhi."

Shemeji alitoa pini zote mdomoni kwanza, ndipo akajibu. "Nimepokea, Mama."

Laiti angeishia hapo, akamlisha na kumwacha. Lakini mtu akikabidhiwa kitu na mkwewe hakosi kutafuta la ziada la kufanya. Aliamua kulisugua tangi ili kioo kiwe safi siku Mama atakaporudi. Wavu wa kumtolea samaki ulikuwa umeoza, akashona mwingine kwa vipande vya shela vilivyobaki kwenye gauni la bibi harusi alilokuwa nalo mezani. Akakunja waya, akazungushia kitambaa, akabandika pini kwenye upindo, akashona.

Desturi yake ni kurudisha pini mdomoni moja baada ya nyingine anapozichomoa, na ulimi wake ndio unaojua kama zimetimia. Siku ile mama wa bibi harusi aliingia kuulizia gauni, na yule mama hakubali kujibiwa kwa pua. Shemeji akazichomeka pini kwenye mkono wa shati lake, akawa anamjibu huku anachomoa. Ulimi haukuhesabu kitu. Pini moja ikabaki ndani ya upindo.

Mgeni alipotoka, Shemeji aliteremsha wavu majini, akamzoa Mpangaji taratibu. Samaki akajipigapiga. Nikaona uzi wa damu kwenye maji kabla sijaelewa ni kitu gani. Ubavu ulikuwa umechanika, magamba yamebanduka, na pezi la mkia limepasuka hadi karibu na shina.

"Pini," Shemeji alisema.

Nilimpigia simu muuza samaki. Akatuelekeza: beseni lisilowahi kutiwa sabuni, maji yaliyolala ndooni usiku kucha, chumvi kidogo tu, pampu ya hewa, giza na utulivu. Kula asubiri. Maji yapunguzwe na kuongezwa kila asubuhi, mengine aachiwe Mungu. Shemeji akaondoa vitambaa vyote kwenye meza ya kukatia, akaweka beseni, akalifunika kwa kipande cha bitana. Wateja wakawa wanapimwa wamesimama kando ya meza ya wagonjwa.

Jioni Mama akapiga simu.

"Hajambo, Mama, na bado mwekundu!" Dada alisema, kwa sauti ya juu kupita kiasi.

"Nipe Fundi."

Shemeji akaipokea simu kama mtu anayepokea pasi ya moto. Nilikuwa karibu, nikamsikia Mama vizuri. "Mpangaji yukoje?"

"Yuko hai, Mama."

"Haya, nimesikia," Mama alisema, akakata.

Tulizidi kuogopa. Kidonda kikaanza kuota utando mweupe kama pamba, na Mpangaji akawa anakaa chini, ameegemea ubavu, shavu likipanda na kushuka kwa shida. Muuza samaki akatupa dawa ya matone, akasema hata yeye haahidi. Shemeji akapunguza maneno, na kwa mtu wa pini mdomoni hilo si jambo dogo.

Ndipo Dada akaja na mfuko wa nailoni wenye maji. Ndani yake alikuwa anaogelea samaki mwekundu, umbo lile lile, mapezi mazima.

"Msinitolee macho," alisema. "Mama hajamwona huyu mgonjwa miaka nenda miaka rudi. Tunamweka huyu, na ule uongo wa rangi unakwisha hapo hapo."

Nasema kweli, niliona ana hoja. Hata nilishaanza kufungua mfuniko wa tangi.

"Na kidole?" Shemeji aliuliza.

"Samaki mwenye njaa atanyonya hata kijiko."

"Sitamkabidhi mama yako samaki wa dukani nikamwambia ni wake."

"Utamkabidhi mzoga?"

Shemeji alivaa viatu, akauchukua mfuko, akamrudisha samaki dukani kwa miguu yake. Dada alilia kwa hasira. Mimi nilimwogopa Shemeji kwa mara ya kwanza, maana mtu mpole akikataa huna pa kumshikia.

Siku moja kabla Mama hajarudi, umeme ukakatika mchana. Pampu ikanyamaza. Haukupita muda Mpangaji akapanda juu, mdomo nje ya maji, anatweta. Shemeji akachukua kikombe, akawa anachota maji ya beseni na kuyamimina kutoka juu ili yaingie hewa, anachota, anamimina, bila kupumzika. Mlango ukafunguliwa. Mama wa bibi harusi.

"Fundi! Harusi kesho, kiuno cha gauni hakijapunguzwa, nawe unacheza na maji?"

"Nikiacha, anakufa, mama."

"Nani anakufa?"

Shemeji akamwonyesha kwa kidevu. Nilikaa tayari kwa matusi, na kwa kweli midomo ya yule mama ilishajipanga. Aliinama, akamtazama samaki anavyohangaika na mdomo wake, akamtazama Shemeji jasho linavyomtoka, akakunja mikono ya nguo yake ya thamani.

"Lete hicho kikombe. Kaa kwenye cherehani ushone. Na gauni likipinda, nakumwagia."

Basi mmoja akachota, mwingine akashona, na mimi nikatia vifungo. Umeme uliporudi yule mama alikuwa ameloa hadi kifuani, na aliondoka na gauni akiwa hajauliza huyo samaki ni wa nini. Siku hizi nikisikia watu wanamsema, huwa siwaungi mkono.

Kesho yake Mpangaji alikuwa amenyooka. Utando umepungua, ubavu una doa lisilo na magamba, mkia umechakaa kama ncha ya ufagio. Shemeji akamrudisha kwenye tangi kwa mikono mitupu. Samaki akakimbilia nyuma ya jiwe na hakutaka kutoka.

Mama aliingia na miwani myeusi, ameshikana mkono na mama mdogo. Alitupita sote kama alivyoahidi, akasimama mbele ya tangi, akavua miwani. Mpangaji alichungulia, mweupe, ubavu umechunika.

"Mama, tazama, yaani, tulitaka kukuambia..." Dada alianza.

"Mwenye macho haambiwi tazama." Mama hakugeuka. "Fundi. Ndiye?"

"Ndiye, Mama."

"Kovu?"

"Ni mimi. Nilisahau pini kwenye wavu."

Mama akainamia kioo, pua ikakigusa. Nilijua anatafuta ule wekundu wa siku baba alipomleta, na aibu ilinishika, nikatamani sakafu inimeze.

"Wewe peke yako hukuniambia ni mwekundu," alisema. "Kila nikikuuliza unanitajia chakula. Nikajua rangi imekwenda. Hawa wanangu niliwaacha waseme, kwa sababu waliona wananifurahisha." Ndipo akatugeukia. Dada alikuwa analia waziwazi, nami sikuwa mbali.

Alitumbukiza kidole majini, akangoja. Mpangaji hakuja. Shemeji akakodolea macho sakafu.

"Mwache," Mama alisema. "Aliyechomwa hujifunza. Tutazoeana upya. Huo wavu uko wapi?"

Shemeji akauleta, mikono miwili, kichwa chini. Mama aliutazama kitambo kwa macho yake mapya. Kisha akayafumba, akaanza kuupitisha upindo kati ya kidole gumba na cha shahada, polepole, mshono kwa mshono, mpaka alipoanzia.

"Hamna kitu," alisema, akamrudishia.