Recho Afeli Kuandika Barua

Recho wa masjala ameandika barua za ofisi yetu hapa Kigoma mjini kwa miaka ishirini na mbili, na hakuna hata moja yenye jina lake. Wakuu wanne wamepita. Kila mmoja alimwita, akamweleza anachotaka kwa maneno matano yaliyopinda, naye Recho akarudi na ukurasa mmoja ulionyooka. Wao wakatia sahihi.

Mwaka juzi mkuu wa sasa, Bwana Gervasi, alimwambia hapandi daraja bila cheti cha Stadi za Uandishi na Uzungumzaji Kazini. Chuo kikuu fulani kilikuwa na tawi karibu na stesheni, masomo kila Jumamosi. Recho, mama wa miaka arobaini na tisa kutoka kijiji cha Simbo, akanunua daftari akaenda.

Mwalimu aliitwa Samson, kijana wa suti ya buluu ambaye hajawahi kufanya kazi katika ofisi yoyote. Wiki ya kwanza aliwafundisha kusimama. Ya pili, kutabasamu. Ya tatu, watu wazima hao, akiwemo muuguzi aliyekuja kwa boti kutoka Kagunga, waliambiwa wautazame ukuta na kusema, "Mimi ni mshindi."

"Ukuta ukaitikaje?" nilimuuliza Recho Jumatatu, tukigonga mihuri.

"Ulituzidi akili. Ulinyamaza."

Kwenye jaribio waliandika barua ya kuwajulisha wanakijiji mabadiliko ya ratiba ya boti. Recho alipata arobaini na nane kwa mia. Samson aliandika kwa wino mwekundu: "Lugha ya kizamani. Haina mvuto."

Jumamosi iliyofuata aligawa barua ya mfano, ya kuwaarifu wazee wa Kagunga kwamba gati litafungwa kwa matengenezo. Recho aliitambua kwenye mstari wa pili. Aliiandika yeye, mwaka 2011, mkuu wa wakati huo akiwa safarini Dodoma; aliporudi akatia sahihi tu.

"Hapa mnauona mkono wa kiongozi," Samson alisema.

Recho akanyoosha kidole. "Mwalimu, hiyo niliandika mimi."

Darasa likacheka.

"Mama, sahihi hapa ni ya mkuu wa ofisi."

"Alisaini. Mimi niliandika."

"Tujifunze na unyenyekevu," Samson akasema, akaendelea na somo. Recho alichukua mkoba wake akatoka, na yule muuguzi akamfuata.

Mwezi mmoja baadaye mkoa ulitaka maelezo kwa nini kazi zetu zimechelewa. Gervasi akaja masjala. "Mama Recho, niandikie ukurasa mmoja. Wanausubiri saa nane."

"Siwezi, mzee. Nimefeli uandishi." Akampa karatasi yenye wino mwekundu, akaendelea kufungua bahasha.

Gervasi alidhani ni utani. Alisimama pale mpaka akachoka, akaenda kuandika mwenyewe: kurasa tatu, "katika muktadha huo" mara kumi na moja. Mkoa uliirudisha barua hiyo ukiuliza anasema nini. Akaandika tena, ikarudi tena. Ya tatu ilipokataliwa, alipiga simu chuoni.

Wiki hiyohiyo cheti kililetwa ofisini: Recho, Daraja la Kwanza, kwa masomo ambayo hakuyamaliza. Alikisajili kama anavyosajili kila karatasi, akakiweka kwenye faili lake, akaandika barua ya mkoa kwa aya mbili. Gervasi akasaini. Mwezi wa saba Recho alipandishwa daraja.

Nilimuuliza kama cheti kilimfurahisha.

"Kina makosa mawili ya tahajia," alisema. "Sikuyasahihisha."