Udongo Mdomoni mwa Mwalimu

Nyamusi wa Sironga hakusoma hata darasa moja, ila maneno yaliyooza aliyanusa upesi kama ndizi mbovu, hata yafunikwe namna gani. Mumewe alimfia mwaka wa sitini na tatu, akamwachia watoto wanne na kipande cha chai kando ya shamba la shemejiye, Mwalimu Machogu. Huyo Machogu alisoma vitabu vitatu, akavielewa nusu, basi akawa hashikiki.

Mwaka wa sitini na nane, wapimaji wa ardhi walipokaribia, mti wa mpaka ulihama. Mistari minne ya chai ya Nyamusi ikajikuta kwa Machogu. Wapimaji wakishaandika, ingekuwa yake hadi kwa wajukuu. Nyamusi akawaita wazee wa ukoo shambani.

"Wazee wangu," Machogu akaanza, mikono mfukoni, "kujua ni jambo gumu. Macho hudanganya, kumbukumbu hudanganya. Nani ana hakika mpaka ulikuwa wapi? Tena kama mti umehama, Mungu alipanga tangu mwanzo. Mwanadamu hana hiari, na asiye na hiari hana kosa."

Wawili kati ya wazee waliitikia kwa vichwa, maana ujinga ukivaa tai hupewa kiti. Nyamusi akanusa ndizi mbovu. Mtu aliyechapa watoto wa watu kila Jumatatu kwa kuchelewa, leo hakuna mwenye kosa!

"Shemeji, nimekusikia," akasema. "Basi tuape. Mimi nile udongo wa mpaka, na wewe ule. Mwongo, emuma, kiapo chetu kinachoua, imalize nyumba yake. Wewe una bahati: hujui kitu, na hukutenda kwa hiari. Kiapo kitakushika kwa lipi?"

Akachota udongo, akaumeza bila maji. Kisha akamnyooshea Machogu konzi nyingine.

Machogu akasema yeye ni Mkristo, hali viapo vya kipagani. Mzee Ratemo akamkumbusha kwamba Nyamusi alibatizwa pamoja naye siku moja, mto mmoja. Macho ya mwalimu yakaelekea nyumbani, kwa watoto wake sita, na mkono haukunyanyuka.

"Basi tuonyeshe mpaka," Ratemo akasema.

Mwalimu akapita moja kwa moja katikati ya michai, akainama, akafukua majani makavu. Shimo la zamani la mti wa mpaka likaonekana.

Nyamusi akatema mchanga uliobaki kwenye meno. "Hongera, Mwalimu. Kwa mtu asiyejua kitu, hukukosea hata hatua moja."