Jani Nililolifuta

Mimi nina ugonjwa wa kusafisha. Nikipewa picha, hata kabla sijamtazama mwenye sura, macho yameshaona chunusi, kamba ya nguo na kuku aliyepita nyuma bila kualikwa. Studio yangu ndogo hapa Moshi mjini inaishi kwa ugonjwa huo. Maharusi waliopigwa picha siku ya mawingu nimewawekea Kilimanjaro nyuma yao, theluji tele kuliko hata iliyopo. Mama mmoja nilimpunguza kidevu mpaka mumewe akauliza huyu ni nani. Watu walinisifu, kichwa kikavimba. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Desemba moja, watu wamerudi nyumbani kwa Krismasi, akaingia mzee kutoka Kilema na simu ya mjukuu wake. Picha aliyoitaka ilikuwa moja: yeye na mdogo wake wamesimama kihambani, shamba la nyumbani, katikati ya migomba, wanatazamana. Aliitaka kubwa, yenye fremu, itundikwe sebuleni Jumapili, siku ukoo mzima utakapokuja kula.

"Isafishe kidogo, mwanangu," aliniambia.

Kidogo! Mimi kidogo sikijui. Nilitoa kamba ya nguo, nikatoa ndoo, nikanyoosha makunyanzi, nikayafanya meupe macho yao mekundu. Mdogo wake alikuwa amenyoosha mkono, na mkononi lilining'inia jani refu la kijani, limeziba vifungo vya koti la kaka yake. Nikalifuta. Vifungo vikaonekana vizuri, nikachekelea peke yangu kama mwehu.

Mzee aliporudi nilimpa shikamoo, nikamgeuzia fremu kwa mbwembwe. Akaitazama. Akavaa miwani, akaitazama tena.

"Mdogo wangu ameshika nini hapa?"

"Hajashika kitu, baba."

"Ndiyo nakuuliza. Kwa nini hajashika kitu?"

Nikaanza kueleza habari za vifungo. Akanikatiza.

"Wewe ni wa wapi?"

"Marangu, baba."

"Mtoto wa Marangu unafuta sale?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Masale yamezunguka kihamba cha bibi yangu, nimekua nikiyaona kila likizo. Najua kabisa kwamba aliyekukosea akikuletea jani hilo limefungwa fundo, anaomba msamaha, na kwa desturi yetu humkatalii. Nilijua, ila nilikuwa nikitazama vifungo.

Mzee akavuta kiti, akanieleza. Yeye na mdogo wake hawakusemezana miaka tisa kwa sababu ya mpaka wa shamba, na watoto wao walikatazwa hata kusalimiana. Mwezi uliopita mdogo wake alikuja na sale, na mjukuu akawapiga picha palepale.

"Amejishusha mbele ya watoto," alisema. "Jumapili anakuja anakuta mkono mtupu ukutani kwangu. Si atasema nimemkatalia? Na tazama hii ngumi. Kama anataka kunipiga!"

Kweli, ilionekana hivyo. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Harakaharaka nikamwambia naweza kubandika jani jingine, hakuna atakayejua.

"Sale halibandikwi," akasema. "Linaletwa."

Nikafungua kompyuta, na namshukuru Mungu picha ya awali bado ilikuwepo: kamba, ndoo, sale, makunyanzi, na yale macho mekundu. Sasa ndipo nilipoelewa kuwa walikuwa wamelia.

"Hiyo," mzee akasema. "Usiiguse."

Nikaichapa kama ilivyo. Ile niliyoisafisha akaitoa kwenye fremu mwenyewe, akaichana vipande. Nilidhani tumemaliza, kumbe bado. Akazunguka meza, akasimama nyuma yangu, akataka niifute na kwenye kompyuta. Nikaifuta. Akauliza kama imebaki popote, kwenye simu yangu, kwa mtu yeyote.

"Hapana, baba. Imeisha."

"Mdogo wangu asije akaiona," akasema. "Sale haliletwi mara mbili."

Nikamwambia haipo tena. Akauliza tena.