Mlingoti wa Ireri

Kila Jumamosi ya mechi ya nyumbani, kabla refa hajapuliza kipenga cha kipindi cha pili, Nthiga hufanya jambo ambalo Mkristo aliyebatizwa kwa maji mengi hapaswi kulifanya. Anainama golini kana kwamba anafunga kamba ya kiatu, halafu anaugusa mlingoti wa kushoto. Anaugusa kwa mgongo wa mkono, haraka, jinsi mtu anavyomgusa mgonjwa kujua kama homa imeshuka.

Mlingoti wenyewe una majani.

Uwanja wa Kibugu uko chini ya kituo cha kupimia majani chai. Goli la juu ni la kawaida, milingoti ya mikaratusi iliyokauka kama ahadi za kampeni. Goli la chini ndilo balaa: mlingoti mmoja umechipuka, una matawi, na msimu wa mvua ndege hukaa pale kutazama mechi bila kiingilio. Timu ngeni hufika zikicheka. Wanapiga picha na simu, wanauliza kama wenyeji huliwekea goli lao mbolea. Wakiondoka wamefungwa moja bila, hawacheki.

Aliyeusimamisha ni Ireri, kipa wa Ukungu FC kabla ya Nthiga. Mchwa walikuwa wamemaliza mlingoti wa zamani, mechi ilikuwa kesho yake, na kila mkaratusi ulionyooka ulikuwa na mwenyewe. Ireri akaingia na panga kwenye ua wa mama yake, akakata mukungugu. Sasa, mtu yeyote wa Embu anajua mukungugu ni mti wa aina gani. Unaukata, unauchomeka ardhini, mvua ikinyesha unashika. Ndiyo maana watu huutengenezea ua, ndiyo maana viazi vikuu hupandishwa juu yake. Kuuchomeka wakati wa masika ukitarajia ubaki kijiti ni kama kumkaribisha shemeji kwa wikendi moja.

Kocha Gachoki alimwambia hivyo hivyo. Ireri akacheka. "Kocha, wacha mechi ipite. Jumatatu nitaleta mti wa maana."

Jumapili pikipiki iliteleza naye matopeni, kwenye mteremko wa kwenda Embu mjini. Wakamzika katika shamba la mama yake, Wambura, ambalo limepakana na uwanja nyuma kabisa ya goli la chini. Waombolezaji hawajamaliza kurudisha viti vya watu, mlingoti ukatoa majani.

Kamati ya timu ilikwenda na msumeno. Ikamkuta Wambura amesimama pale, leso kiunoni.

"Mkitaka kukata kitu," aliwaambia, "nyasi ni nyingi."

Kamati ikakata nyasi.

Hapo ndipo moja bila zilipoanza. Ukungu FC ilikuwa timu ya kufungwa kwa heshima. Sasa kila mechi ya nyumbani inafunga bao kipindi cha kwanza, kisha kipindi cha pili inarudi kulinda goli la chini huku ukungu ukishuka kutoka msituni, na watu hawaoni vizuri mpira, wanausikia tu. Mlingoti mkavu ukigongwa hulia kama mlango. Huu una maji ndani. Ukigongwa unasema *du*, sauti nzito ya kifuani, kama mtu aliyepigwa ngumi na rafiki yake. Mpira wa wageni unagonga, *du*, unatoka, na uwanja mzima unapiga kelele: "Ireri!"

Hakuna aliyewahi kupiga kelele "Nthiga!" Labda mama yake, akimwita aje ale.

Jambo hilo lilimkaa rohoni kama mfupa wa samaki. Asubuhi akichuma chai anasikia *du*. Jirani akipasua kuni, *du*. Kanisani mhubiri akipiga meza, Nthiga anageukia kushoto. Alikuwa kipa wa akiba miaka yote ya Ireri. Alikaa nyuma ya goli hili akitazama kisogo cha yule jamaa mpaka akakijua kuliko uso wake. Na sasa hajui kama amerithi glavu au amepewa tu azishike mpaka mwenyewe arudi.

Habari ikaja kwamba Mwirigi anakuja. Mwirigi ana timu Meru mjini, na wikendi huzunguka milima akitafuta wachezaji. Alikuwa amesikia kuna kipa Kibugu hafungiki. Akimpenda, atampa nafasi kikosini, na kazi kwenye kibanda chake cha viazi sokoni Gakoromone. Nthiga alikuwa na miaka ishirini na kitu, na bado alichuma chai ya watu wengine. Ilikuwa nafasi yake, na huenda ndiyo pekee.

Kwenye kibanda cha chai cha Karimi, mjadala ukawaka.

"Nyumbani tunashinda moja bila," Nthiga alisema. "Ugenini tunafungwa moja bila. Sasa sisi ni timu nzuri ama ni timu mbaya yenye mti mzuri?"

"Bao ni bao," alisema Gachoki, ambaye siku za wiki hupima majani chai na anaamini kila kitu kina uzito wake. "Jedwali haliulizi mpira uligonga wapi."

"Jedwali halilali na mimi, kocha. Mimi ndiye ninayesikia ile kitu."

"Afadhali basi ulale na mtu," Karimi alidakia, akimimina chai. Vijana wakacheka hadi mmoja akapaliwa. "Lakini mimi nauliza. Kipindi cha kwanza si wageni ndio wanaulinda huo mti? Mbona hauwaokoi?"

"Kwa sababu fowadi wetu anapiga upande ule mwingine," Gachoki akasema. "Hakuna mtu wa Kibugu anaweza kupiga mpira kuelekea Ireri. Wewe ungepiga?"

Karimi alifuta meza iliyokuwa safi.

"Basi Nthiga, mwambie Mwirigi akuchukue pamoja na mlingoti," alisema hatimaye. "Mtapandwa wote wawili."

Siku ya pili Nthiga alikwenda kwa Wambura. Alimkuta akipalilia migomba, karibu na kaburi ambalo halina saruji, maua tu.

"Mama Ireri, hujambo."

"Sijambo, mwanangu. Umekuja na uso wa kuomba."

"Ndiyo, mama. Naomba ule mlingoti utolewe kabla ya Jumamosi. Nitauhamisha mwenyewe na mizizi yake, niupande hapa kwako. Sitaukata."

Wambura aliendelea kulima kidogo. "Umekukosea nini?"

"Nataka kujua kama mimi ni kipa, mama. Nikishinda, wanasema ni yeye. Na mimi mwenyewe nasema ni yeye."

"Mimi mpira siujui," alisema. "Sijui nani anafunga nani. Lakini kila Jumamosi naleta kiti hapa nyuma ya ua. Mnapiga kelele yenu, mimi nangoja ile sauti. Alipokuwa mdogo alikuwa akirudi jioni anagonga mlango kwa bega, mikono imejaa kuni. Hivyo hivyo. Ikisikika, nakunja kiti naenda kupika; siku ambayo haisikiki, nalala na njaa." Aliweka jembe chini. "Unataka nimzike mara ya pili ndiyo wewe ukaajiriwe?"

Kuna maswali ambayo mtu mwenye adabu huondoka nayo.

Jumamosi mlingoti ukabaki. Mwirigi alikuja na koti la mvua, akakataa kiti cha wageni, akaenda kusimama nyuma ya goli la chini. Ukungu FC walifunga kipindi cha kwanza kwa kona iliyogonga goti la mtu asiyejua lolote. Kipindi cha pili msitu ukapumua, weupe ukashuka, na dakika za mwisho fowadi wa wageni akatokea peke yake mbele ya Nthiga kama mtu anayetoka ndotoni. Akapiga.

*Du.*

"Ireri!" uwanja ukalia, na nyuma ya ua kiti kikakunjwa.

Nthiga alivua glavu akijua mambo yamekwisha. Mwirigi akamjia akitabasamu.

"Kijana, nimekuchukua."

"Mzee, si mimi niliyeokoa. Ulikuwa mti."

"Macho ninayo. Jamaa alitaka kupiga hapa, ukapaziba. Akatafuta pale, ukapaziba. Ulimwachia mlingoti tu, naye akaupiga maana hakuwa na pengine. Nani alikufundisha kuweka mguu wa kushoto hivyo?"

Nthiga aliutazama mguu wake wa kushoto. Kwenye matope kulikuwa na shimo dogo mahali uliposimama, na lile shimo lilikuwa la zamani kuliko yeye pale golini. Lilichimbwa na kiatu cha Ireri, misimu mingi. Kila mechi Nthiga aliingiza mguu humo bila kufikiri, kama mtu anayevaa ndara za marehemu kwa sababu ziko karibu na mlango.

"Hakuna," alijibu. Mwirigi akacheka, akidhani ni unyenyekevu.

Meru uwanja wao ni tambarare na milingoti yao ni ya chuma. Siku za wiki Nthiga alibeba magunia ya viazi Gakoromone, akacheka na akina mama wa soko waliomtania kwa lafudhi yake, akalala usingizi mzito. Chuma hakichipuki. Alijiona amepona.

Mechi ya kwanza, fowadi akamjia. Nthiga akaziba hapa, akaziba pale, mguu wa kushoto ukakaa palepale ulipozoea, akamwachia mlingoti tu. Akangoja *du*. Mpira ukapita kati ya mkono wake na chuma, ukaingia bila hata kugusa rangi. Wakafungwa moja bila.

"Bahati mbaya," Mwirigi alimwambia. "Moja bila haisemi kitu."

Mechi ya pili, pengo lilelile, bao lilelile. Wachezaji wenzake wakaanza kunyamaza akiingia mahali. Mwirigi hakusema bahati tena.

"Nthiga, nilichoona Kibugu nilikiota? Jumamosi nitakuweka mara moja zaidi. Halafu tutazungumza."

Jumapili, badala ya kwenda kanisani, Nthiga alirudi Kibugu. Uwanja ulikuwa mtupu, watu wako kwenye nyimbo. Alienda moja kwa moja goli la chini, akaushika ule mlingoti kwa viganja vyote viwili. Siku ulipochomekwa, mtu aliweza kuushika kwa mkono mmoja. Sasa vidole vyake havikukutana. Kila masika uliongeza unene, nje na ndani, na kila masika goli lilipungua kidogo sana, kiasi cha maganda ya mti, na hakuna aliyeona kwa sababu hakuna anayeona mti ukinenepa. Mpaka sasa upande wa kushoto wa goli ulikuwa umeliwa kiganja kizima. Kutoka kwenye shimo la Ireri mkono wa Nthiga haukufikia kiganja hicho, lakini mti ulimzibia, na mguu wake ukajifunza goli dogo. Mwirigi alisema kweli, na waliopiga kelele "Ireri!" nao walisema kweli, na hapo katikati hakukuwa na mahali pa mtu kukaa.

"Umerudi." Wambura alikuwa nyuma ya ua. Naye hakwenda kanisani.

"Nimerudi, mama."

"Huko ilisikika?"

"Haikusikika. Mpira uliingia."

Wambura alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei aliyoitarajia. Akapita penye uwazi wa ua, akaja akasimama kando ya goli. Nthiga hakuwa amemwona akiingia uwanjani tangu siku ya msumeno.

Nthiga akasimama golini. Mguu wa kushoto ukateleza wenyewe mpaka kwenye shimo, ukatulia, ukafurahi. Akautoa. Ilikuwa kazi, kama kuutoa kwenye kiatu cha matope. Akausogeza kushoto, upana wa kiganja, kwenye nyasi ambazo hazijawahi kukanyagwa na mtu. Kulia kwake kukawa wazi mno, akasogea tena, akajipima, akanyoosha mikono. Upepo ukampata mahali ambapo haukuwahi kumpata.

"Hapo," Wambura alisema kwa sauti ya chini, "yeye hakusimama hata siku moja."

"Najua, mama."

"Basi simama."

Ukungu ulianza kushuka mapema siku hiyo. Ulifunika goli la juu, ukafunika katikati ya uwanja, na mbele yake hakukuwa na kitu tena, weupe tu ambao ungeweza kutoa mpira wakati wowote. Nthiga alikunja magoti, akangoja. Kwa mara ya kwanza tangu avae zile glavu alihisi mgongo wake uko mtupu.

Nyuma yake kitu kiligonga mlingoti. *Du*, mara moja tu. Huenda ni kiganja cha Wambura.

Hakugeuka.