Shamba la Mwisho wa Mfereji

Peris alikuwa na shamba la migomba huko Mboghoni, upande wa Taveta, na shamba hilo lilikuwa la mwisho kabisa kwenye mfereji. Mumewe alipofariki mwaka wa 1951 hakumwachia kitu kingine. Maji yakifika, anakula, yasipofika, hali.

Mfereji ulikuwa wa chama cha wenye mashamba, na chama hicho kilikuwa na desturi ya tangu zamani. Kabla ya msimu wa kupanda, kila nyumba ilitoa mtu na jembe, wakakutana kwenye shamba la mwisho, si la kwanza. Kutoka hapo walizoa tope wakipanda kuelekea mtoni. Hivyo mwenye shamba la juu alilazimika kwanza kusimama chini na kuona jinsi maji yalivyomfikia mwenzake. Vijana nao walijifunza humo humo ukingo unavuja wapi, na jinsi ya kuuziba kwa shina la mgomba na udongo wa mfinyanzi.

Lakini watu wa juu walikuwa wezi wa zamu za maji, na Peris alichoka kuibiwa. Tena hakuwa na mwanamume wa kumtuma kuzoa tope, akashika jembe mwenyewe hadi mgongo ukakataa kunyooka. Kwa hiyo Bwana Shamba alipopendekeza lango la chuma lenye kufuli huko juu mfereji unakoanzia, Peris ndiye aliyelitetea mkutanoni. Hakuishia hapo. Alisema kwamba lango likiwa na mlinzi, basi mlinzi huyo azoe na tope, na kila nyumba imlipe kwa mikungu ya ndizi. Bwana Shamba alionya kuwa lango hugawa maji tu, tope litabaki palepale. Watu walikuwa wamekwisha kupiga makofi. Nani hapendi kuambiwa apumzike?

Mlinzi aliyeajiriwa, Mwanzia, alishika ufunguo kwa uaminifu na hakumpendelea mtu. Hata hivyo, mtu mmoja hawezi kufanya kazi ya kijiji kizima. Alizoa karibu na lango, mahali wakubwa walipopita. Huko chini matete yalimea na kingo zikabomoka. Msimu wa tatu, siku ya zamu ya Peris, lango lilifunguliwa kwa haki kabisa, na maji yakaishia njiani.

Alimwendea mwenyekiti, mzee Obadiah, ambaye shamba lake lilipakana na lango.

"Baba Hudson, maji hayanifikii. Twende tukazoe kama zamani."

"Kwani zamu hukupewa?"

"Zamu nilipewa. Maji sikuyaona."

"Mwambie Mwanzia. Si anakula ndizi zetu?"

"Mwanzia ni mmoja. Njoo chini ujionee."

Obadiah alicheka. "Mama Loise, si wewe uliyetupumzisha? Leo unataka kutuchosha tena. Tushike lipi, mama?"

Ilikuwa kejeli, lakini ilikuwa kweli.

Alipita nyumba kwa nyumba akiomba. Siku waliyopatana walikuja majirani wachache wa chini, wengi wao vijana. Waliufikia ukingo uliobomoka wakaukandika udongo mtupu, bila shina la mgomba ndani yake, kwa maana hakuna aliyewahi kuwaonyesha. Peris aliwaambia haitashika. Walimjibu kwa heshima kwamba wamechoka, wakaenda zao. Kabla ya jua kuzama udongo ule ulikuwa umechukuliwa na maji.

Nasema wazi: lango halikumdhulumu mwanamke huyu. Chama kiliacha kazi bila kujiuliza kazi hiyo ilikuwa ikiwafundisha nini, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinua mkono. Wenzake waliinua yao upesi, kisha wakamwachia lawama peke yake. Uvivu wa wengi hupenda kupata mtu mmoja wa kuubeba.

Migomba ilikauka ikiwa na mikungu michanga. Peris aliikata, akawapa majirani majani walishe ng'ombe, akaenda Voi kuanika katani kwenye shamba la watu. Huko ndiko alikozeekea.

Mwaka uliofuata lilikauka shamba la jirani yake. Naye alikwenda kwa Obadiah, akaulizwa kama zamu hakupewa.